Undugu wetu na Uganda tuupime kwa mabehewa

Kuna sentensi ambayo siku hizi mkono wangu unaiandika wenyewe, hata nikiwa nasinzia: "Nchi hizi mbili zina uhusiano wa kindugu na wa kihistoria." Nimeshaiandika kwenye habari za semina, za ziara za mabalozi, na za wafanyabiashara waliokuja Mwanza na tai zao na kadi zao za kugawa. Mhariri haigusi. Mgeni rasmi anaisema, mimi naiandika, gazeti linaichapa, na kesho yake mama wa mtaani anafungia vitumbua.

Leo sina mhariri wala mgeni rasmi. Niko nyumbani Mirongo, umeme upo, na nina hamu ya kuihoji hiyo sentensi kama ninavyowahoji watu. Undugu wa Tanzania na Uganda ni upi hasa? Unamfikia nani? Na ukikatika, huwa unakatikia wapi?

Jibu langu nalitoa mapema ili asiyependa kusoma sana aende zake: haukatikii Ikulu. Marais wetu na wa Uganda wamekuwa wakikumbatiana vizuri tu kwa miaka mingi. Huwa unakatikia gatini, kwenye chombo kilichokosa matengenezo. Na mtu wa kwanza kujua kwamba umekatika si balozi. Ni kibarua.

Kwa wale msioijua Mwanza, Mirongo ni mtaa wa katikati ya jiji, na ni jina pia la mto unaokatiza mjini. Mto wenyewe usiuulize sana, unabeba kila tunachoutupia na kukipeleka ziwani. Ziwa nalo linatokea upande wa pili, Jinja, ndiko Nile inakoanzia safari yake kwenda Misri. Kwa hiyo maji yaliyopita nyuma ya nyumba yetu yanaweza kwenda Uganda bila pasi wala risiti. Sisi binadamu ndio tunaohitaji mkataba.

Na jirani na hapa kuna bandari ya Mwanza Kusini. Ndiyo nataka kuizungumzia.

Wengi wa rika langu wameiona kwa nje tu, kwa hiyo ngoja nieleze kazi yake. Treni ya mizigo inatoka Dar es Salaam, inapita Morogoro, Dodoma, Tabora na Shinyanga, inafika Mwanza baada ya kilometa zaidi ya 1,200. Reli hiyo ilifika hapa mwaka 1928. Pale Mwanza Kusini haiishii kwenye ghala. Inaendelea hadi ukingoni mwa maji, inapita juu ya daraja fupi linalopanda na kushuka kufuata kina cha ziwa, kisha inaingia melini. Sitaha yenyewe ya meli ina reli. Kichwa cha treni kinasukuma mabehewa ndani, yanafungwa yasicheze, kichwa kinarudi nyuma, meli inang'oa nanga. Ikifika Port Bell, kichwa kingine kinayavuta nje na kuyapeleka Kampala, ambako ni kilometa chache tu. Njia nzima hiyo hakuna aliyefungua mlango wa behewa. Hakuna gunia lililopanda mgongoni mwa mtu.

Kinachowezesha yote hayo ni kitu kidogo sana: upana wa reli. Reli ya zamani ya Tanzania, reli ya ndani ya meli na reli ya Uganda zote zina upana wa meta 1. Ishike namba hiyo, nitairudia huko mbele.

Meli yetu ya kazi hiyo ni MV Umoja. Ilijengwa miaka ya 1960, enzi reli za Afrika Mashariki zikiwa za shirika moja, pamoja na mwenzake MV Uhuru ambayo sasa ni ya Kenya. Uwezo wake ni kama tani 1,200. Chukua lori la tani 30, piga hesabu: safari moja ya Umoja ni malori 40 ambayo hayakupita barabarani.

Basi bwana, mwaka 1977 Jumuiya ikafa. Wazee wanasimulia kwamba kabla ya hapo MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilikuwa ikilizunguka ziwa lote, na mtu wa Mwanza aliweza kwenda Port Bell au Kisumu kama leo tunavyokwenda Bukoba. Jumuiya ilipokufa, nchi tatu zikaanza kugawana mali kama watalaka wanavyogawana sufuria. Ilibidi aletwe mpatanishi kutoka Uswisi, Dakta Victor Umbricht, na makubaliano yakasainiwa Arusha mwezi Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Miaka saba kujadili nani abaki na nini!

Uganda ikaagiza meli zake za mabehewa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zilikuwa tatu: Kabalega, jina la mfalme wa Bunyoro; Kaawa, yaani kahawa; na Pamba. Hilo la mwisho sisi watu wa Mwanza hatuhitaji kutafsiriwa. Pamba ndiyo iliyoijenga mikoa yetu, na ndiyo jina la timu yetu.

Sasa namleta baba mkubwa. Jina lake sitalitaja, hapendi mambo ya mtandaoni. Miaka ya 1990 alikuwa karani wa kuhesabu mizigo pale bandarini, kibarua wa kulipwa kwa kazi. Alikuwa anasimama na ubao wake na kalamu sikioni, behewa likipita anaandika namba. Anasema alikuwa akiweza kuijua meli ya Uganda kwa honi kabla haijaonekana. Kwa mshahara ule, ambao haukuwa hata mshahara, alijenga vyumba vitatu hapa tunapoishi. Mimi nimezaliwa kwenye kimojawapo.

Mwaka 2005 ndio ninaotaka uutazame vizuri. Januari 1 mwaka huo, Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi. Lilikuwa jambo kubwa, na sina kejeli nalo. Ushuru kati yetu na jirani zetu ulianza kupungua, na ndiyo maana leo kuna biashara nyingi tunazoziona za kawaida. Kwenye karatasi, Tanzania na Uganda hazikuwa zimekaribiana namna hiyo tangu 1977. Halafu mwezi Mei mwaka huohuo, Kabalega na Kaawa zikagongana ziwani. Kabalega ikazama. Haikupita muda mrefu Uganda ikabaki haina hata meli moja ya mabehewa inayofanya kazi. Umoja wetu nao haukuendelea kwenda Port Bell. Njia ikalala kwa zaidi ya miaka 10.

Umeona hapo? Mkataba uko hai, meli imekufa. Hakuna rais aliyegombana na mwenzake. Hakuna mpaka uliofungwa. Hakuna balozi aliyerudishwa nyumbani. Ukisoma hotuba za miaka hiyo utakuta undugu umejaa tele. Lakini mzigo wa Kampala ulikuwa hauonekani Mwanza Kusini.

Baba mkubwa hakuletewa barua ya kuachishwa kazi, kwa sababu kibarua haachishwi. Unaambiwa "njoo kesho", na kesho unaambiwa tena, mpaka mwenyewe unaona aibu kuuliza. Alikwenda kuuza viatu vya mitumba Mlango Mmoja. Kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, aliishia kidato cha pili, akaenda Geita kwenye machimbo kutafuta maisha. Bado yuko huko. Siku nilipohitimu chuo pale Malimbe, yeye ndiye aliyenunua suti yangu. Hatukuwahi kulizungumza, lakini wote wawili tunajua ni nani kati yetu alikuwa na akili zaidi ya hesabu.

Ninapoandika "uhusiano wa kiuchumi kati ya Tanzania na Uganda", mimi huo ndio ninaouona. Suti.

Nisieleweke vibaya. Undugu wenyewe si uongo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakauawa na mifugo ikaporwa. Vijana wa Kitanzania wakaenda vitani pamoja na Waganda waliokuwa wakimpinga Amin, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Kila ukoo wa huku Kanda ya Ziwa una mtu aliyekwenda au aliyemjua aliyekwenda. Deni la namna hiyo halilipwi kwa fedha, na Waganda wa umri wa baba mkubwa hawajalisahau.

Miaka 42 baadaye, tarehe hiyohiyo, Aprili 11, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Entebbe na Rais Museveni kushuhudia utiaji saini wa mikataba ya bomba la mafuta ghafi. Ilikuwa safari yake ya kwanza nje ya nchi akiwa Rais. Bomba hilo ni la kilometa 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Kilometa 296 ziko Uganda, na zote zilizobaki ziko kwetu. Hisa kubwa, asilimia 62, ni za TotalEnergies ya Ufaransa. Tanzania na Uganda kila mmoja ana 15 kupitia mashirika yao ya mafuta, na CNOOC ya China ina 8.

Watu wengi husema bomba lilikuja kwetu kwa sababu ya undugu wa 1979. Mimi nasema hapana. Mwaka 2015 Uganda ilikuwa imeshaelewana na Kenya lipite huko, kuelekea Lamu. Mwaka 2016 ikageuza, kwa sababu ya gharama, usalama na urahisi wa kupata ardhi. Waganda walipiga hesabu, na hesabu ikatupa sisi. Ni jambo jema, tulifurahie. Ila anayekuja kwako kwa hesabu ataondoka kwa hesabu.

Mfano upo. Novemba 2023 Uganda ilitofautiana na Kenya kuhusu namna ya kuagiza mafuta ya magari. Kampala ikaanza kuitaja Tanzania kama njia nyingine. Hapa Mwanza nilisikia watu wakishangilia kana kwamba meli za mafuta ziko Kirumba tayari. Mwaka 2024 Uganda na Kenya wakaelewana, mafuta yakaendelea kupita Mombasa kama kawaida. Sisi tulikuwa kama yule kijana anayetajwa na binti ili mchumba wake apate wivu.

Siwalaumu Waganda hata kidogo. Nchi isiyo na bahari ni kama nyumba ya kupanga ya chumba cha ndani: lazima upite sebuleni kwa mwenzako ndipo utoke nje. Ukiwa na sebule mbili za kupitia, huyu akikununia unapita kwa yule. Mombasa ni karibu zaidi na Kampala kuliko Dar es Salaam, hilo ramani inasema. Njia yetu inaweza kushindana kwa kitu kimoja tu: reli na ziwa vikiungana vizuri, usafiri wa mzigo mzito unakuwa nafuu kuliko lori. Kiungo kikiwa kibovu, hatuna cha kushindania zaidi ya historia.

Mwaka 2018, katikati ya mwaka, MV Umoja ilikwenda tena Port Bell na mabehewa. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa kati ya wateja wa mwanzo wa njia hiyo. Baba mkubwa alikwenda kusimama upande wa nje wa uzio wa bandari. Hakwenda kuomba kazi, umri umekwenda na kazi zenyewe siku hizi zina wenyewe. Alirudi jioni na namba ameiandika kwa kalamu kwenye kiganja.

"Shikamoo baba mkubwa. Vipi, umeyahesabu?"

"Marahaba. Nimeyahesabu. Sasa tuone kama yatarudi wiki ijayo."

Sijawahi kusikia mchambuzi wa uchumi akisema vizuri zaidi. Safari ya kwanza ya meli huwa na waandishi, bendi na keki. Safari ya 60 haina mtu. Ila ndiyo inayojenga vyumba vitatu. Miaka michache baada ya shangwe ile Umoja yenyewe ikahitaji ukarabati mwingine mkubwa, kwa sababu ni bibi wa miaka zaidi ya 50 tunayemtwisha mzigo wa kijana. Na sisi watu wa Mwanza, baada ya MV Bukoba kuzama Mei 21, 1996 na kuondoka na watu zaidi ya 800, hatuna ruhusa ya kuchukulia matengenezo ya meli kama jambo la mafundi peke yao.

Upande wa barabara, haki isemwe, kazi imefanyika. Novemba 2017 kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Mutukula, ili dereva akaguliwe mara moja badala ya mbili. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, kilometa 3 juu ya maji, na ule mateso wa kusubiri kivuko ukaisha. Mama mdogo wangu, ambaye anauza mchele kwa mteja wa Kampala, alilia siku alipovuka mara ya kwanza. Kweli, alilia.

Lakini huyohuyo mama mdogo ndiye aliyenifundisha kwamba barabara si jibu la kila kitu. Msimu mmoja lori alilokodi lilivunjika ekseli kabla ya kufika Biharamulo. Mvua ya usiku ikanyesha, turubai likavuja, magunia 11 yakalowa. Mzigo ulikaa njiani siku tatu. Mteja alipokea, akakata bei, na mama mdogo hakuwa na la kusema kwa sababu mchele ulionekana kwa macho. Faida ya msimu mzima iliishia kwenye kulipa lori.

Nikamwambia, kwa ujuaji wangu wa chuo, kwamba mzigo kama ule ungepita ziwani ungelala melini usiku mmoja na kuamkia Uganda.

Akaniangalia. "Mwanangu, mimi nina tani tano. Nani atanipa behewa?"

Hapo nilinyamaza, maana ni kweli. Behewa moja ni zaidi ya mzigo wake wa mwezi. Meli ya mabehewa ni ya mwenye kiwanda cha saruji, mwenye ngano na mwenye mafuta ya kula. Mfanyabiashara mdogo anahitaji kitu kingine: meli ya abiria na mizigo inayoondoka siku inayojulikana, kwa nauli inayojulikana, ambayo mtu anapanda na magunia yake kumi na anashuka nayo. MV Victoria ilikuwa hivyo kabla ya 1977. MV Mwanza, ile meli mpya kubwa ambayo mkataba wake ulisainiwa mwaka 2018 na ikashushwa majini Februari 2023, imejengwa kubeba abiria 1,200 na tani 400, na tangu mwanzo tuliambiwa kwamba itaunganisha hadi Uganda na Kenya. Swali la mama mdogo si ina vyumba vingapi vya daraja la kwanza. Ni hili: itakwenda Port Bell mara ngapi kwa mwezi, na gunia ni shilingi ngapi?

Sasa turudi kwenye ile meta 1 niliyokuomba uishike.

Tanzania inajenga reli mpya ya kisasa. Treni ya abiria imeshaanza kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024, na kipande cha Isaka hadi Mwanza, kilometa 341, kiliwekewa jiwe la msingi Juni 2021. Reli hiyo ina upana wa milimeta 1,435. Uganda nayo ilisaini mkataba Oktoba 2024 na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki, ile iliyojenga kipande chetu cha Dar es Salaam hadi Makutupora, ijenge reli ya upana huohuo. Lakini reli yao, ya kilometa 272, inatoka Kampala kwenda Malaba. Malaba ni mpaka wa Kenya.

Chora kwenye karatasi. Reli yetu mpya inafika Mwanza na kukutana na maji. Meli iliyopo ina reli ya meta 1. Behewa la reli mpya halipandi humo hata ulibembeleze. Ng'ambo, reli mpya ya Uganda inageuza uso kuelekea Mombasa. Utaniambia makontena yanahamishwa kwa kreni. Sawa, yanahamishwa. Lakini kreni hiyo inafungwa wapi, kwa fedha ya nani, na kontena litakaa siku ngapi chini likisubiri? Kila siku ya kusubiri ni fedha, na kila fedha inampa mwenye mzigo sababu ya kurudi Mombasa.

Kwa hiyo kinachoamuliwa miaka hii, kimyakimya, ni kama Mwanza itakuwa mlango au itakuwa ukuta. Jiji linaweza kuwa na reli mpya, daraja jipya, meli mpya na stendi mpya, na bado likawa mwisho wa safari badala ya katikati yake. Mji wa mwisho wa reli unauza chai kwa abiria. Mji wa katikati unapata makarani, mafundi, mawakala, wenye maghala, wenye bima, na watoto wao wanamaliza kidato cha nne.

Mimi si mhandisi. Inawezekana wahandisi wana jibu zuri na liko kwenye faili. Basi tuambiwe, ili sisi waandishi tuliandike badala ya ile sentensi yangu ya kusinzia.

Nimejiwekea utaratibu. Mkutano wowote wa Tanzania na Uganda nitakaotumwa, baada ya hotuba, nitauliza maswali manne. La kwanza: mwezi uliopita meli ilikwenda Port Bell mara ngapi, na ilirudi na nini? Hilo la kurudi ni muhimu, maana meli inayorudi tupu inakula faida ya kwenda. La pili: fungu la matengenezo ya mwaka wa tano liko kwenye bajeti ya nani? La tatu: mwenye tani tano anapakia wapi? La nne: reli mpya ikifika majini, mzigo unavukaje?

Mwanzoni wenzangu watanicheka, najua. Mwenzangu mmoja ameshaniambia kwamba maswali hayo hayana kichwa cha habari. Labda. "Marais wasisitiza undugu" ina kichwa cha habari, imekuwa nacho tangu babu zetu. Lakini mwaka 2005 magazeti yalikuwa na vichwa vingi vya namna hiyo, na wasomaji hawakuambiwa na yeyote kwamba kwenye ziwa lao kuna njia imekufa. Kama wakati ule angekuwepo mwandishi mmoja wa kuuliza kila mwezi, "Jamani, mabehewa mangapi?", sidai kwamba meli ingefufuka. Ila kukaa kimya miaka zaidi ya 10 kungekuwa kugumu kidogo.

Na wewe unayenisoma ukiwa Kampala, Entebbe au Jinja, najua mpo. Nendeni Port Bell siku moja mtazame. Niambieni huko gatini kunaonekanaje, reli ya kwenda mjini ina kutu au inang'aa. Reli inayopitiwa hung'aa juu, haihitaji mtaalamu kuitambua. Mimi nitawatazamia ya upande huu.